Hondohondo Aliyeziba Mlango wa Mkewe

Paukwa!

Hiyo ndiyo Pakawa yenu? Mnaitikia kama watu waliokwisha kula wakashiba, na najua hakuna aliyekula. Rudieni. Paukwa!

Pakawa.

Haya, afadhali. Siiti tena, leo sauti sina. Nimepalilia tangu asubuhi, mgongo huu wala si wangu tena. Mashavu, sogea nikuegemee. Kombo, liache sikio la mwenzio. Na wewe shemeji, ukitaka kusinzia sinzia, lakini usinikoromee juu ya hadithi yangu.

Hapo kale, kale ile ambayo hata bibi yangu aliikuta imeshapita, ndege na wanyama walipokuwa wakisemezana kama mimi na ninyi, palikuwa na msitu. Katika msitu palikuwa na mvule. Katika mvule palikuwa na tundu. Na ndani ya tundu hilo alikaa Mwanatumu, mke wa Hondohondo, yeye na makinda wake.

Hondohondo mnamjua. Ndege mweusi, mdomo mkubwa kuliko kichwa, akiruka mabawa yanalia hwaa, hwaa, hwaa, utadhani mtu anakung'uta mkeka. Basi hao mahondohondo wana desturi yao, msiniulize nani aliwafundisha, mimi sikuwepo. Mke akikaribia kutaga anaingia ndani ya tundu la mti. Mume analeta udongo. Wanaziba mlango, mke kwa ndani, mume kwa nje. Wanaziba, wanaziba, mpaka unabaki mwanya tu, mwembamba, wa kupitisha ncha ya mdomo. Mke hatoki tena. Manyoya ya mabawa yanamnyonyoka, hata akitaka kuruka hawezi. Anataga humo, anaatamia humo, anaangua humo. Atatoka watoto wakishakua.

Kwa nini ajifungie hivyo? Kwa sababu ya Kenge. Kenge anapanda miti, na Kenge anapenda makinda kuliko mimi ninavyopenda chai. Akikuta ukuta mgumu anakwangua kidogo, kwaru, kwaru, kisha anachoka, anashuka zake.

Na chakula? Chakula ni juu ya mume. Mume akienda asirudi, waliomo ndani wamekwisha.

Basi Hondohondo akawa na njia moja. Alfajiri, hwaa, hwaa, mpaka kwenye mkuyu. Anajaza makuyu kooni. Hwaa, hwaa, mpaka kwenye mvule. Anasukuma makuyu kwenye mwanya, tu, tu, tu. Kabla la mwisho halijapokelewa, yeye kesharuka. Akaenda, akaleta, akatia. Akaenda, akaleta, akatia. Itikieni basi, mnaniacha nitwange peke yangu.

Akaenda, akaleta, akatia.

Ehe. Makinda wakakua, na njaa yao ikakua. Hondohondo akakonda, shingo ikabaki kama mpini. Akila, anawaza kulisha. Akilisha, anawaza kuruka. Akiruka, anamwaza Kenge. Akilala, miguu inacheza, yumo safarini. Kooni anajaza makuyu tele, yanafika nusu, mengine yameanguka njiani na yeye hana habari. Chini ya njia yake nguruwe walinenepa.

Hakuwa mvivu, jamani. Wala hakuwa mbaya. Alikuwa amechoka, na hakujua kwamba amechoka. Hilo la kutokujua ndilo baya zaidi.

Siku moja anatoka mkuyuni, hwaa, hwaa, macho yako mbele, akili iko nyuma, pwaa! Amegonga tawi. Makuyu yote chini. Na yeye chini.

Juu ya tawi hilo alikuwepo Bi Kinyonga. Alikuwa anavuka. Tangu asubuhi alikuwa anavuka. Anainua mguu mmoja, anaushika hewani, anayumba mbele, anayumba nyuma, anayumba mbele, kisha anauweka. Halafu mwingine. Msitu mzima ulikuwa unamcheka. Wengine walimkimbia, wakasema ana mkosi. Na yeye alishachoka kuchekwa na kukimbiwa, kwa hiyo ulimi wake ulikuwa mkali.

"Tawi hili," akasema, "lilikuwepo jana. Na juzi lilikuwepo."

"Samahani, Bi Kinyonga. Nina haraka."

"Naiona. Imekulaza chali."

Hondohondo akajikung'uta. "Mke wangu yuko ndani ya mvule. Watoto wana njaa. Sina nafasi ya maneno."

"Lini umekaa?"

"Kukaa vipi?"

"Kukaa tu. Makalio juu ya tawi. Hungoji kitu, hutafuti kitu. Unavuta pumzi, unaijua kwamba imeingia. Unaitoa, unaijua kwamba imetoka. Basi."

Hondohondo akamtazama kama mnavyomtazama mtu aliyesema jambo la kipuuzi msibani. "Nikikaa mimi, nani atakwenda mkuyuni? Wewe?"

"Mimi nikienda nitafika watoto wako wakiwa na wajukuu." Bi Kinyonga akageuza jicho moja kumwangalia, la pili likabaki linaangalia majani huko nyuma. "Sikiliza, bwana. Mimi macho yangu haya, moja linakwenda huku, moja linakwenda kule. Tangu nazaliwa naona mambo mawili kwa wakati mmoja. Nisingejifunza kutulia ningeshakuwa kichaa. Lakini nikitaka kitu kweli, macho yote mawili nayaleta mahali pamoja. Wewe macho yako tayari yako pamoja, na akili yako imetawanyika msitu mzima."

"Nitakaa wakishakua."

"Haya. Utakaa wakishakua."

Hondohondo akaruka, hwaa, hwaa, akarudi mkuyuni kuanza upya. Moyoni anasema, huyu hana mume wala mtoto, ana nafasi ya kuyumbayumba. Na nyie msimlaumu. Hapa ndani wapo waliokwisha kuniambia mimi maneno hayo hayo, nami siwataji.

Zikapita siku. Jua likawa kali, udongo wa ukuta ukaanza kupasuka. Asubuhi moja Hondohondo anatia makuyu, Mwanatumu akamwambia kwa ndani, "Bwana, huku chini ya mwanya pameingia ufa. Naona mwanga kupitia humo. Kenge akiuona tumekwisha. Niletee udongo, uuzibe kwa nje."

"Nimesikia."

Akaenda kijitoni. Akachota udongo wa mfinyanzi, mlaini, mzuri. Akaja nao mvuleni. Na kichwani mwake, siku hiyo, mlikuwa na nini? Mlikuwa na makuyu, kwamba mkuyu wa karibu umekwisha na itabidi aende wa mbali. Mlikuwa na Kenge. Mlikuwa na mawingu, mbona mvua haiji. Mlikuwa na yule kinda mdogo, asiyekula vizuri. Mambo yote yalikuwamo humo kichwani, ila lile lililokuwa mdomoni.

Akabandika udongo. Paku, paku, paku. Akaulainisha kwa ubavu wa mdomo, huku na huku, kazi safi, maana kuziba alikuwa fundi. Akaruka. Hwaa, hwaa, kwenye mkuyu wa mbali.

Ndiyo. Mmeshajua. Ufa aliuacha. Aliziba mwanya.

Jua likapiga ule udongo. Likapiga, likapiga. Ukawa gae.

Hondohondo akarudi, koo limejaa. Akanyoosha mdomo kutia makuyu, ko. Akasogea pembeni, ko. Ukuta mtupu. Akasema, "Lo, nimekosea mti." Msicheke. Akaondoka, akaenda mvule wa pili, akautafuta mwanya, hakuna. Akaenda wa tatu, akakuta nyuki. Makuyu kooni yanaanza kuchacha, jua linakwenda, na mtu anatafuta mlango wake mwenyewe msitu mzima. Kuna siku mtu unachoka mpaka hivyo. Unatembea mbele ya nyumba yako unapita.

Akarudi mvule wa kwanza. Akatulia kidogo, si kwa hiari, pumzi zilimwishia. Ndipo akasikia kwa ndani, mbali, kama mtu anayegonga chini ya kisima.

Ko. Ko. Ko.

Akautazama ule udongo mpya. Akaona alama za mdomo wake.

Akapiga ukuta, pa, pa, pa, pa, kwa nguvu zake zote, huku analia, "Mama watoto, niko hapa, niko hapa." Gae halikuvunjika, lilikuwa gumu kuliko mti wenyewe. Lakini ule ufa wa chini, ambao hakuna aliyeuziba, ukapiga mlio, krrr, ukapanda juu kama radi inavyochora mbinguni. Kipande cha ukuta kikachungulia nje, kinataka kuanguka. Ndani makinda wakapiga kelele, kisha wakanyamaza ghafla.

Chini ya mti nyasi zikatikisika. Kenge. Alisikia kishindo, akaja. Akalala kwenye shina, akainua shingo, ulimi unatoka, unaingia, unatoka, unaingia. Hakuwa na haraka. Alikuwa anamngoja Hondohondo amfanyie kazi.

"Piga tena," akasema Kenge. "Unakaribia."

Hondohondo akainua mdomo apige.

"Ukipiga, ukuta wote unashuka." Sauti ilitoka pembeni. Bi Kinyonga alikuwa amefika kwenye mvule, kwa mwendo wake ule ule, mguu juu, mguu chini. Alikuwa ameanza safari hiyo siku ile walipokutana, ndiyo kwanza anafika. "Ukuta ukishuka, watoto ni wa huyo bwana aliyelala pale."

"Nisipopiga wanakufa kwa kukosa hewa!"

"Najua."

"Basi nifanye nini?"

"Kaa."

Hondohondo akataka kumdonoa. Kweli, alifungua mdomo amdonoe. "Watoto wangu wanakufa, unaniambia nikae?"

"Kwa pumzi chache tu. Shingo yako inatetemeka, mdomo wako unatetemeka. Mdomo unaotetemeka hauwezi kutoboa tundu dogo, utabomoa tu. Kaa, ndugu yangu. Mimi sikutanii."

Labda ni lile neno ndugu yangu. Hondohondo akakaa. Akakunja mabawa. Nayo mabawa yakauma, maana hayakuwa yamekunjwa vizuri kwa muda mrefu.

"Ingiza pumzi. Jua kwamba inaingia."

Akaingiza.

"Toa. Jua kwamba inatoka."

Akatoa. Na mara mawazo yakaja, vuu, kama yanavyokuja kwa mtu yeyote. Kenge. Mwanatumu. Yule mdogo. Nimewaua. Nimewaua mwenyewe.

"Mawazo yanakuja," akasema.

"Yatakuja. Mimi nakula nzi, lakini si kila nzi anayepita ninamtolea ulimi. Anapita, namwona, namwacha apite. Rudi kwenye pumzi."

Akaingiza. Akatoa. Nzi akapita, akamwona, akamwacha. Akaingiza. Akatoa. Moyo wake uliokuwa unakwenda kama ngoma ya harusi ukaanza kushuka. Na ndipo kwa mara ya kwanza akausikia mwili wake. Akasikia jinsi ulivyochoka. Uchovu ukampanda kutoka kwenye kucha mpaka utosini, machozi yakamtoka, akaona aibu. Bi Kinyonga akageuzia macho yote mawili upande mwingine.

"Sasa," akasema baadaye, "nitazame mguu wangu." Akainua mguu. Akaushika hewani. Akayumba mbele, akayumba nyuma. Akauweka. "Nikiinua, nainua tu. Nikiweka, naweka tu. Siwezi kuweka kabla sijainua. Mdomo wako ufanye hivyo hivyo. Donoa moja. Ukidonoa, uwe hapo unapodonoa, usiwe kwenye la pili."

Hondohondo akasimama. Akaweka kucha moja juu ya kile kipande kilichotaka kuanguka, akakishikilia. Akaleta mdomo mahali pa mwanya. Ingiza pumzi. Toa. Ko.

Punje ya gae ikaruka.

"Utachelewa hivyo," akasema Kenge huko chini. "Fanya haraka, baba. Watoto hao hawana hewa."

Hondohondo akamsikia. Akamwacha apite. Ingiza pumzi. Toa. Ko. Punje nyingine. Ko. Ko. Si kwa nguvu. Mahali pale pale, mahali pale pale. Shingo haitetemeki. Kipande cha chini kimeshikwa, hakisogei.

Itikieni kidogo, nimechoka na mimi. Ingiza, toa, ko.

Ingiza, toa, ko.

Ingiza, toa, ko.

Jua likasogea. Kenge akahamisha tumbo, jua limemchoma. Akakwangua mti, kwaru, kwaru. Hakuna kilichoanguka. Akaona hapa leo hapana kitu, akaburuza mkia, akaenda zake kutafuta mayai ya kanga.

Kitundu kikatoboka. Kidogo, kama cha sindano. Hondohondo hakushangilia. Ingiza, toa, ko. Kikawa kama punje ya mtama. Kikawa kama punje ya hindi. Kwa ndani ncha ya mdomo ikaja, nyembamba, inatetemeka, ikaanza kudonoa na yeye. Mume kwa nje, mke kwa ndani, kama walivyoujenga. Mwanya ukarudi. Hewa ikaingia, ukasikia ndani wanavyoivuta, hii, hii, hii.

"Watoto?" akauliza Hondohondo.

"Wapo. Wamelegea, lakini wapo. Yule mdogo nilikuwa nimemweka penye ufa, avute hewa ya hapo. Ufa ule ndio uliotuweka hai."

Fikirini hilo. Ule ufa aliousahau.

Hondohondo akatia makuyu yaliyobaki, yamechacha, lakini mwenye njaa hachagui. Akatia moja, akangoja lipokelewe. Akatia la pili, akangoja. Kisha akasema, na sauti ilikuwa imemkauka kama yangu, "Mwanatumu, ni mimi niliyeziba. Sijui nilikuwa wapi."

Mwanatumu akasogea mwanyani.

"Najua ni wewe," akasema Mwanatumu. "Nilikuwa hapa hapa mwanyani. Nilikuita jina lako. Tulikuwa tunatazamana, jicho kwa jicho. Ukabandika udongo juu ya jicho langu, na ulikuwa unanitazama."

Mngejibu nini ninyi? Hondohondo akaweka jicho lake mwanyani. Giza. Kisha akaliona jicho la mkewe, jekundu, limevimba, udongo umegandia kwenye kope. Akalitazama. Alikuwa amemlisha kila siku na alikuwa hajamwona.

"Sasa unaniona?" akauliza Mwanatumu.

"Nakuona."

"Mabawa yako yanauma?"

"Yanauma sana."

"Basi kaa kwanza, ndipo uende. Watoto wamepata kidogo, watavumilia. Mimi sitaki tena makuyu yanayoletwa na mtu asiyekuwepo."

Mwanatumu akakishika kile kipande cha ukuta kwa ndani, naye Hondohondo akakaa. Yeye nje, mke ndani, ukuta katikati, jicho kwa jicho, wakavuta pumzi pamoja. Kisha akachota udongo, akaja nao, akautazama ule ufa, akauziba chini, akaacha njia ya hewa. Kisha akaruka kwenda mkuyuni, bawa likiinuka akijua limeinuka, bawa likishuka akijua limeshuka. Na kila akirudi alikaa kwanza kidogo. Jioni akaona kwamba makuyu yote aliyoyachuma yamefika.

Maana yake mnataka niiseme? Nitaisema, ili asiwepo wa kujifanya hakusikia. Wewe unayewabebea wengine mzigo, na wewe una haki ya kutua. Usipotua kwa hiari yako utaanguka, na utawaangukia hao hao unaowabebea. Kaa kidogo kila siku, uvute pumzi uijue, kisha mkono wako ukifanya kazi na wewe uwe hapo kwenye kazi. Mtu aliyechoka asiyejua kwamba amechoka anaweza kumziba jicho ampendaye, huku anamtazama.

Hadithi yangu imeishia hapo, na nguvu zangu zimeishia hapo hapo. Mwenye kusonga ugali akasonge, mwenye kulala alale. Mimi sasa naomba mniache nikae.